Maswali ya Muziki: Jumatano Yetu Imegeuka Kelele Tupu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa bendi za kopi, wale ambao mchana wako kazini na jioni moja ya wiki wanakutana kupiga nyimbo za wanamuziki wanaowapenda. Nimefurahi mno. Hawa hawalipwi, hawana meneja, hawana tamasha linalowasubiri, na bado wanapandisha amplifaya ngazini baada ya kutwa nzima ya uchovu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana mambo yaliyomo nimeyakuta karibu katika kila bendi ya namna hii niliyokaa nayo.

Tununue spika kubwa zaidi?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga besi. Tuko watano: gitaa la solo, kinanda, dramu, mimi, na dada mmoja anayeimba huku akipiga gitaa la rithim. Kila Jumatano saa moja usiku tunakutana kupiga kopi, saa tatu na nusu tunafunga. Mwanzoni raha ilikuwa haisemeki. Siku hizi mpiga solo anaongeza sauti, mpiga dramu anakaza mkono, kinanda nacho kinapanda, na dada yetu anaimba mpaka koo linakauka. Wiki iliyopita aliweka maiki chini katikati ya wimbo, akachukua mkoba wake akaenda. Tena tukianza wimbo mpya, mtu mmoja anatafuta kodi (zile noti zinazopigwa pamoja) kwenye simu, wengine tumekaa tunamngoja. Wenzangu wanasema tuchange tununue spika kubwa ya mwimbaji. Mimi nahisi tatizo si spika, ila sijui niwaambieje. — Mpiga Besi wa Jumatano*

Marahaba, mwanangu. Msinunue. Unachokihisi ni kweli, na nitakueleza kinavyotokea ili upate la kuwaambia wenzako bila ugomvi.

Mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti yake bila kukusudia. Daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hilo mwaka 1911, na mpaka leo wataalamu wa sauti huliita kwa jina lake. Katika bendi linampata kila mtu. Mpiga solo asipojisikia huzungusha kitufe, mpiga dramu asiposikia gitaa hupiga kwa nguvu zaidi, na dada yenu, ambaye koo lake halina kitufe, ndiye anayeumia. Mkimletea spika kubwa atasikika Jumatano moja au mbili, kisha mpiga solo atapanda tena, na safari hii mtakuwa mmeanzia juu zaidi.

Liko na jambo la pili linalowadanganya. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vya jinsi sikio linavyopokea sauti za chini na za juu. Sauti ikiwa ndogo, noti za chini ndizo zinazofifia zaidi. Ikiongezwa, besi inarudi na muziki unasikika umejaa. Ndiyo sababu mkipandisha, dakika za kwanza huwa tamu sana, na kila mmoja anaamini bendi imewaka kumbe upigaji ni uleule. Baada ya muda masikio yanachoka, ule ukali wa juu hausikiki vizuri, mtu anauongeza, na wote mnaanza kupanda upya.

Kwa hiyo anzieni chini, na anzieni na dramu, kwa kuwa ndiyo chombo kisichoweza kupunguzwa kwa kitufe. Mpiga dramu apige peke yake mdundo wa wimbo wenu wa kawaida, huku mmoja wenu akisimama katikati ya chumba akizungumza. Asikike bila kupiga kelele. Ikishindikana, zipo njia: vijiti vyembamba zaidi, brashi, au vile vijiti vilivyofungwa kwa fito nyembamba nyingi, ambavyo vinapunguza ukali na bado vinaacha mdundo uwe mdundo. Kitambaa chepesi juu ya ngozi ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kinasaidia pia. Mpiga dramu hodari hujulikana anapopiga polepole kwa sauti ndogo bila mdundo kulegea. Hilo ni gumu kuliko kupiga kwa nguvu, na linastahili heshima yenu kubwa atakapoliweza.

Dramu ikitulia, pandisheni maiki mpaka inapokaribia kupiga mluzi, halafu ishusheni kidogo. Hicho ndicho kikomo chenu cha usiku mzima. Vyombo vingine vyote viingie chini yake, kimoja kimoja: besi, kinanda, rithim, na solo mwisho. Baada ya hapo asiyejisikia asiongeze. Amwombe mwenzake apunguze. Nawasihi mlishike hilo, kwa sababu mtu anayeomba mwenzake apunguze analazimika kwanza kujua ni nani hasa anayemfunika. Mara nyingi atagundua ni kinanda kinachopiga noti zilezile za gitaa, na hapo mtazungumzia muziki wenyewe.

Sasa njoo tuitazame amplifaya ya mpiga solo. Naweza kukisia ilipo: sakafuni, nyuma yake, imeelekea mapajani. Ukali wa gitaa husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye spika. Hausambai kama besi inavyosambaa. Mpiga solo aliyesimama hatua moja mbele ya amplifaya yake hasikii ule ukali, maana unapita magotini mwake na kwenda moja kwa moja kwa mtu aliyesimama mbali zaidi, ambaye mara nyingi ni mwimbaji. Yeye anasema sijisikii, mwenzake anasema gitaa linanitoboa masikio, na wote wawili wanasema kweli. Inyanyue amplifaya hiyo, iweke juu ya kiti imara, iinamishe nyuma kidogo hadi uso wa spika uelekee kichwani kwake. Usimwambie apunguze. Mwache apige noti chache, utaona mkono wake ukienda wenyewe kwenye kitufe.

Mwombe pia apunguze besi kwenye amplifaya na aongeze sauti za kati. Akiwa peke yake nyumbani, gitaa lenye besi nyingi linapendeza. Ndani ya bendi, uzi wake mnene wa E unatoa mitetemo kama 82 kwa sekunde, na wako wa E unatoa kama 41, oktavu moja chini yake, yaani noti ileile kwa nusu ya mitetemo. Akijaza huko chini anakukanyaga wewe na hasikiki zaidi. Mpiga kinanda naye mkono wa kushoto autulize. Akiwa peke yake anauhitaji, lakini nyinyi mna mpiga besi, na noti mbili za chini zisizolingana hufanya wimbo mzima uonekane mchafu hata kama kila mtu anapiga sawa.

Kaeni duara. Bendi nyingi za kopi hujipanga mazoezini kama wako jukwaani, wote wakitazama ukuta usio na watu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula karibu sehemu tatu za elfu moja ya sekunde. Aliye mita sita kutoka kwenye dramu anaupata mdundo umechelewa kidogo, na akimfuata kwa sikio tu anabaki nyuma. Mkisogeleana mnasikiana mapema, na zaidi ya hapo mnaonana macho. Mengi katika bendi hupitia machoni: lini tunarudia kibwagizo, nani anachukua solo, wapi tunakata.

Maiki nayo ina adabu zake. Nyingi za waimbaji zimetengenezwa zisikie mbele na zisisikie nyuma, kwa hiyo spika ya mwimbaji ikae upande ambao mkia wa maiki unaelekea. Dada yenu aisogeze mdomoni karibu iguse, kwani kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayoingia hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mkishapandisha kitufe kufidia, maiki inachukua dramu yote. Na asikifumbate kile kichwa cha wavu kwa kiganja. Inapendeza machoni, lakini mkono unaziba matundu ya nyuma yanayoifanya maiki ichague upande, nayo inaanza kusikia kote na kupiga mluzi.

Umeniuliza pia, ingawa hukusema wazi, kuhusu muda. Saa mbili na nusu ni nyingi sana zikitumika kupiga, na ni chache mno zikitumika kutafuta kodi. Wimbo hujifunzwa nyumbani. Jumatano ni ya kuuunganisha. Mkubaliane wimbo mmoja tu mpya kwa wiki, na mkubaliane ni rekodi ipi hasa, kwa sababu ule wa studio na ule wa jukwaani mara nyingi hutofautiana mwanzo, mwisho na hata ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Nimewahi kukaa na kundi lililogombana jioni nzima juu ya idadi ya mizunguko kabla ya ubeti wa pili, kila mmoja akiapa yuko sahihi, na wote walikuwa sahihi. Walisikiliza rekodi mbili tofauti.

Mtu ajue nini kabla ya kuja? Mpangilio: utangulizi, ubeti, kibwagizo, kipande cha kati, mwisho. Kodi zake. Mahali anaponyamaza. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Rudini kwenye rekodi yoyote mnayoipenda, msikilize chombo kimoja tu mwanzo hadi mwisho, mtashangaa jinsi kinavyokaa kimya. Bendi changa hupiga wote wakati wote, kama watu watano wanaosoma barua tano tofauti kwa wakati mmoja.

Mkifika, anzeni na wimbo ambao wote mnauweza usingizini. Msikosoane. Ni wa kuyatoa mawazo kazini na kuyaleta chumbani. Kisha wimbo mpya, na hapo nakuomba wewe na mpiga dramu mpige ubeti wa kwanza na kibwagizo wawili tu, kwa sauti ndogo, wengine wakisikiliza. Dramu ya mguu na noti zako za besi zikae pamoja. Zikishakaa, aongezeke rithim, kisha kinanda, kisha solo. Mkikwama mahali, msirudi mwanzo wa wimbo kila mara. Pigeni baa nne (mizunguko minne mifupi ya mdundo) kabla ya pale mlipokwama na nne baada yake, mpaka pawe laini. Bendi nyingi zina utangulizi mzuri ajabu na mwisho wa kubahatisha, kwa sababu wamepiga mwanzo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwisho nao ufanyieni kazi peke yake. Nyimbo nyingi kwenye rekodi humalizika kwa kufifia taratibu, nanyi hamwezi kufifia, kwa hiyo lazima mtunge mwisho wenu: nani anatoa ishara, mnakata kwenye kodi gani, matoazi yanashikwa au yanaachwa yalie.

Nusu saa ya mwisho ifanyeni huru. Chagueni kodi mbili tu, mzizungushe, kila mmoja apewe nafasi ya kucheza atakavyo, wengine wakimshikilia chini. Msiache hilo hata siku mliyochoka. Hapo ndipo mpiga solo anapata uhuru anaoutafuta katikati ya ubeti wa mwimbaji, na akishaupata huku, kule ataupunguza.

Wekeni simu irekodi, mbali na vyombo, pale ambapo msikilizaji angesimama. Kila mtu asikilize kesho yake akiwa peke yake. Nakuhakikishia hutahitaji kumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa juu.

Na huyo dada, mpigie simu leo, usisubiri Jumatano. Mwambie uliona koo lake linavyoumia na kwamba mnabadilisha mpangilio wa chumba. Ukipenda mwombe mpiga solo naye ampigie, ila kila mmoja peke yake. Mtu aliyeondoka katikati ya wimbo hataki kukaribishwa na kamati.

Ufunguo ukishushwa, wimbo umeharibika?

*Mwalimu, mimi ni mwimbaji wa bendi ya kopi. Nyimbo nyingine ziko juu mno kwangu, nikiomba tushushe ufunguo, mpiga gitaa anasema wimbo hautakuwa uleule. Ninaimba kwa kujikamua. Nifanye nini, dada yangu? — Sauti ya Kati*

Ufunguo ni wa mwimbaji. Hapo sina mashaka, na ningependa kila bendi ilikubali hilo kabla ya kuwasha chombo chochote. Mkipiga wimbo wa mwanamume kwa sauti ya mwanamke, au kinyume chake, mara nyingi mtahitaji kusogea mbali, kwa mfano kutoka A hadi D au E. Mwimbaji wa Marekani Otis Redding alitoa wimbo wake "Respect" mwaka 1965. Aretha Franklin alipouimba mwaka 1967 aliugeuza, akauongezea kipande cha saksofoni na pale anapolitaja neno herufi kwa herufi, na leo watu wengi wanadhani ulikuwa wake tangu mwanzo.

Mpiga gitaa wako ana hoja moja ya kweli, na ni haki umsikilize. Baadhi ya mapigo ya gitaa yanategemea nyuzi zinazolia wazi, bila kubonyezwa. Ukihamisha ufunguo, nyuzi hizo hazipo tena mahali pake. Kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, inasaidia pale mnapopanda tu, haiwezi kushusha. Mkitaka kushuka nusu toni au toni moja na kuacha vidole vyake palepale, legezeni nyuzi za magitaa yote na la besi kwa kiasi hichohicho. Bendi nyingi kubwa hupiga zikiwa zimeshuka nusu toni. Mpiga kinanda ana kitufe cha kuhamisha ufunguo, ila akumbuke kukirudisha, la sivyo wimbo unaofuata utaanza kwa maafa.

Kuupata ufunguo wako: imba ule mstari wa juu kabisa wa kibwagizo bila chombo chochote, mahali unapouimba bila kujikamua, kisha mpiga kinanda aitafute noti hiyo. Fanya hivyo mwisho wa mazoezi, koo likiwa limechoka. Ufunguo unaouweza saa tatu usiku utauweza wakati wowote.

Jifunzeni pia kuandika kodi kwa namba. Katika ufunguo wa G, kodi za G, C na D ni 1, 4 na 5. Katika A ni A, D na E, namba zilezile. Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires alianza kuutumia mpangilio huo Nashville, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, Charlie McCoy na wengine wakauendeleza, kwa sababu waimbaji walikuwa wakiingia studio na ufunguo ukibadilika palepale. Ukiwa na karatasi yenye namba, ukisema "leo tunapiga katika F", hakuna wa kukuomba muda wa kuandika upya.

Na kitu kidogo kinachowasumbua wengi: mkishatyuni vyombo vyenu kwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa kimataifa, msishtuke rekodi fulani ya zamani ikiwa katikati ya funguo mbili. Kasi ya mkanda iliweza kubadilishwa studio. Msityuni kwa kuifuata. Chagueni ufunguo ulio karibu unaokufaa wewe.

Masikio yanalia usiku

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni kijana, mpiga dramu. Nikirudi nyumbani baada ya mazoezi nasikia mlio kama filimbi masikioni, asubuhi unakuwa umekwisha. Wenzangu wanasema ndiyo kawaida ya wanamuziki. — Vijiti*

Marahaba mwanangu. Wanaolia masikio ni wengi, hilo kweli, lakini usilizoee. Mlio huo ni sikio lako kukuambia limezidiwa. Unaweza kwisha asubuhi leo na kesho, kisha ukaja siku usiishe, na seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya na usalama kazini, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda ukatwe nusu. Piga hesabu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 ni dakika 15. Dramu ikipigwa kwa nguvu ndani ya chumba kidogo inaifikia 100 bila shida, na wewe ndiye uliyekaa karibu nayo kuliko wote, matoazi yakiwa usawa wa masikio yako.

Tafuta vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki. Vile vya sponji vinakinga, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila vinakata sauti za juu zaidi ya za chini, ndiyo maana wapiga dramu huvitupa wakisema muziki unasikika kama uko chini ya blanketi. Vya wanamuziki hupunguza juu na chini karibu sawasawa. Vivae kabla ya pigo la kwanza, na uvivae mazoezi yote. Wiki za mwanzo utajihisi uko mbali na wenzako, halafu utazoea, na huenda ukaanza kusikia besi vizuri zaidi ya zamani. Mapumziko yawe mapumziko kweli: toka nje ya chumba, usibaki umekaa huku mwenzako akijaribu solo yake.

Mwaka 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara katikati baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kupoteza usikivu kabisa. Mtu mzima, mwenye mafundi wote wa sauti anaoweza kuwataka. Wewe una kizibo kidogo tu cha kukukinga, kwa hiyo kitumie.

Mlio ukipita siku moja au mbili, nenda kwa daktari wa masikio. Sikio moja likiziba ghafla na usisikie, nenda siku hiyohiyo, usilale nalo.

Kopi ni wizi?

*Mwalimu, sisi ni watu wazima, tunapiga kopi kila Alhamisi kwa kujifurahisha. Mdogo wangu anasema tunaiba nyimbo za watu na kwamba bendi isiyo na nyimbo zake si bendi. Sasa tumealikwa kupiga kwenye ukumbi mmoja. Nimjibuje, na je, tunahitaji ruhusa? — Kinanda cha Alhamisi*

Mwambie mdogo wako kwamba The Beatles, bendi maarufu ya Uingereza, kabla ya kutunga nyimbo walizojulikana nazo, walikesha wakipiga za wengine kwenye vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kati ya 1960 na 1962. Hata albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1963, ilikuwa na nyimbo 14, na 6 kati ya hizo hazikuwa zao. Huwezi kupiga wimbo wa mtu mara kwa mara bila kugundua alivyoujenga. Na ikiwa hamtatunga wenu kamwe, bado ninyi ni bendi. Watu wanaokutana kila Alhamisi kwa hiari yao, wakasikilizana kwa saa mbili, wana kitu ambacho wengi wanakitamani, na sioni sababu ya kukiombea radhi.

Upande wa sheria, kupiga nyumbani kwenu kwa mazoezi ni jambo moja, kupiga mbele ya umma ni jingine. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, unamlinda mtunzi hata nje ya nchi yake, na kupiga wimbo wake hadharani kunahitaji idhini. Kwa kawaida bendi haimtafuti mtunzi mmoja mmoja. Vipo vyama vinavyokusanya malipo kwa niaba ya watunzi, na mara nyingi mwenye ukumbi ndiye anayelipia leseni. Kurekodi wimbo wa mtu na kuusambaza, au kuuweka kwenye video, ni idhini nyingine kabisa, msizichanganye.

Kwa hiyo kabla ya kukubali tarehe, muulizeni mwenye ukumbi kama ana leseni ya muziki wa jukwaani, na muwe na orodha ya nyimbo mtakazopiga pamoja na majina ya watunzi wake. Angalieni jina la mtunzi kwenye rekodi yenyewe, kwa sababu mara nyingi aliyeimba si aliyetunga.